Shuka Kavu za Nyanya Kahaso

Likizo ya Agosti wenzake Kadii walishinda uwanjani wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Kadii mwenyewe alishinda katika Makao ya Wazee ya Rehema, nje kidogo ya Garsen, upande wa kuelekea Minjila. Mama yake, Josephine, alikuwa mhudumu hapo. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia binti, na kusema kweli Josephine alihitaji msaada, hata kama ni wa mikono myembamba ya msichana wa miaka kumi na miwili.

Kazi ilianza kabla jua halijapata makali, na jua la Garsen halichelewi kupata makali. Josephine aliwaogesha wazee, akawabadilisha nguo, akawageuza wale wasioweza kujigeuza. Kadii aligawa uji na kufagia. Tangu mhudumu mwenzake, Hirbo, aache kazi na kuhamia Madogo, zamu zote zilimwangukia Josephine. Mchana yeye, usiku yeye. Bwana George, meneja wa makao, kila akiulizwa alijibu, "Vumilia kidogo, mama. Mtu mwingine yuko njiani." Mtu huyo alikuwa njiani tangu masika.

"Mama, uji wa Mzee Kiti umeutia chumvi badala ya sukari," Kadii alisema asubuhi moja.

Josephine aliutazama uji, akacheka bila nguvu. "Usingizi huu utaniua, mwanangu. Mpelekee mwingine."

Kati ya wazee wote, Kadii alimpenda zaidi Nyanya Kahaso. Alikuwa mama mzee wa Kiorma, haoni, na miguu yake haikuweza tena kumbeba. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Hirbo alipoondoka, aliyebaki wa kuzungumza naye alikuwa Kadii, kwa maana Kadii alizaliwa papo hapo Garsen na Kiorma alikijua kwa kucheza na watoto wa jirani. Nyanya alimtajia ng'ombe wake wa zamani, mmoja mmoja kwa jina na rangi, na Kadii hakuchoka kusikiliza.

Siku moja Bwana George aliwaita wafanyakazi wote jikoni. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Kesho anakuja afisa kutoka Hola kukagua jinsi tunavyowatunza wazee," alisema. "Tukianguka, makao yatafungwa, na kila mtu hapa atatafuta kazi kwingine." Alipofika kwenye neno kazi alimtazama Josephine.

Kadii aliyasikia maneno hayo akiwa mlangoni. Hawakuwa na baba, wala shamba la kutegemea. Kazi ya mama ndiyo iliyowalisha.

Afisa aliitwa Madam Swabra. Hakuwa mtu wa kelele. Alifunua masufuria, akanusa maji ya tangi, akatazama kucha za wazee, akapitisha kiganja juu ya kila godoro.

"Shuka ni kavu kabisa, wala hakuna harufu ya mkojo," alisema. "Hongera, mama. Mahali pengi sipati hivi."

Josephine alitabasamu. Kadii hakukumbuka mara ya mwisho kuliona tabasamu hilo.

Kisha Madam Swabra akamwomba meneja atoke nje, kwani alitaka kuwasikia wazee wenyewe. Alipofika kitandani kwa Nyanya Kahaso, aliuliza nani anajua Kiorma. Kadii akasogea.

"Muulize kama anapata maji ya kutosha."

Kadii aliuliza. Nyanya Kahaso alikohoa, akajibu polepole kwa Kiorma.

"Maji yapo, mtoto wangu. Ila mimi nikishaswali adhuhuri sinywi tena. Nikinywa, usiku nitataka kwenda haja. Naita, naita, hakuna anayekuja. Mama yako amechoka, simlaumu. Lakini mimi ni mtu mzima, siwezi kulala katika mkojo. Afadhali kiu."

Kadii aligeuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na shuka zilizokunjwa, haelewi hata neno moja, bado anatabasamu.

"Amesema nini?" Madam Swabra aliuliza.

"Amesema maji yapo. Wanampa kila akitaka."

"Na usiku akiita?"

"Mama huja."

Madam Swabra alimtazama. "Yeye amesema maneno mengi, wewe umenipa machache."

"Kiorma ni kirefu, madam," Kadii alijibu.

Madam Swabra alicheka, akaenda kitanda cha pili. Nyanya Kahaso aliutafuta mkono wa Kadii kwa kupapasa, akaushika.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, nyanya."

"Mungu akubariki."

Baraka hiyo ilimchoma Kadii kuliko kofi. Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakukosea. Ya Kadii haikufika hata jioni.

Alasiri joto lilipozidi, Nyanya Kahaso alianza kuongea ovyo. Alimwita mumewe aliyefariki zamani na kuagiza ndama wafungwe. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Josephine alimfinya ngozi ya mkono kidogo, ngozi ikabaki imesimama.

"Huyu amekaukiwa na maji!" alisema kwa hofu. "Vipi, na kila siku namwekea jagi hapa?"

Kadii aliangua kilio. Akasema yote, jinsi nyanya alivyojinyima maji na jinsi yeye alivyomdanganya afisa.

Josephine aliketi ukingoni mwa kitanda. "Alikuwa akiniita usiku?"

"Ndiyo, mama."

"Nami sikusikia."

"Ulikuwa umelala."

Kadii alitamani mama yake amgombeze. Josephine hakumgombeza. Aliinuka, akampigia simu daktari wa zahanati, akachanganya maji na sukari na chumvi kidogo, akaanza kumnywesha mgonjwa kijiko baada ya kijiko. Daktari alikuja na chupa ya maji ya kumtundikia mshipani. Alisema wazee hawapaswi kabisa kukaa na kiu katika joto kama hili, na kwamba kama wangengoja hadi asubuhi, huenda wangempoteza.

Nyanya alipotulia na kuanza kumtambua kila mtu, Josephine alijifunga leso vizuri. "Twende kwa madam. Kesho anarudi Hola."

"Mama, watakufukuza!"

"Wakinifukuza, angalau nitalala," Josephine alisema, akamshika mkono.

Walimkuta Madam Swabra kwenye hoteli karibu na stendi ya mabasi, akinywa chai. Kadii alisimama mbele yake akaeleza kila kitu, bila kupunguza neno hata moja. Madam Swabra aliweka kikombe chini.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa makao yafungwe, mama akose kazi."

Afisa alishusha pumzi. "Nami nimekosea. Niliona shuka kavu nikafurahi. Sikuuliza ni kwa nini ni kavu hivyo." Akamgeukia Josephine. "Mama, wewe unalala saa ngapi?"

Josephine alifungua kinywa kujibu, machozi yakamtangulia. "Sijui, madam. Nasinzia hata nikiwa nimesimama."

Kesho yake Madam Swabra hakwenda Hola. Alirudi Rehema pamoja na Wario, mfanyakazi wa zahanati aliyejua Kiorma, akawasikiliza wazee wote upya. Kumbe Mzee Kiti naye alikuwa akimwaga maji yake dirishani kwa sababu ileile. Makao hayakufungwa, lakini meneja aliambiwa wazi kwamba hatapokea mzee mwingine mpaka apate wahudumu wa usiku. Na Bwana George, aliyeshindwa tangu masika kumpata mmoja, wiki hiyohiyo aliwapata wawili, Mwanasha na Mahadi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Madam Swabra alimwambia Kadii kabla ya kuondoka. "Nyanya alikukabidhi maneno yake. Kumnyima maneno yake ilikuwa sawa na kumnyima maji. Usirudie."

"Sitarudia, madam."

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Kadii alipiga magoti kando ya kitanda. "Nyanya, siku ile sikumwambia afisa. Nilikudanganya. Nisamehe."

Nyanya Kahaso aligeuzia uso ukutani. "Umeniudhi," alisema. "Mimi sina macho wala miguu. Sauti yangu ndiyo nilikuwa nimekupa." Kisha akampapasa kichwani. "Nimekusamehe. Sasa nipe maji ninywe. Nimeambiwa Mwanasha atakuja nikimwita."

Jioni hiyo Mwanasha alifika kuanza zamu, na Josephine akatoka Rehema jua likiwa bado halijazama. Alitembea polepole, bila kumshika Kadii mkono. Walipofika nyumbani alijitupa kitandani na ndala zake miguuni. Kadii alichuchumaa kumvua.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Nimechoka tu," Josephine alisema, macho yakiwa yamefumba. "Sikiliza, mwanangu. Ulidhani unanilinda. Lakini mzigo wangu uliufunika, na mzigo uliofunikwa hakuna anayekuja kusaidia kuubeba. Ukweli ungenipatia msaada saa ileile, na Nyanya asingefika karibu na kifo. Siku nyingine ukiona mtu anaumia, sema, hata kama kosa ni langu. Hasa kama kosa ni langu."

"Nimesikia, mama."

Kadii alingoja aendelee. Josephine hakuendelea. Alikuwa amekwisha kulala, mdomo wazi, na nje jua lilikuwa bado linawaka. Kadii alishusha pazia, akatoka kwa ncha za vidole kwenda kuwaambia watoto wa jirani wakachezee mbali.