Skafu ya Wifi

Magharibi ile nilitumwa stoo kuchukua viti vya sherehe. Viti tu.

Kesho yake mama mkwe alikuwa anaagwa kazini, baada ya kuuguza watu maisha yake yote. Na mimi, mdomo uliponza kichwa, nilikuwa nimetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nitamfumia skafu kwa mikono yangu. Skafu yenyewe ilikuwa bado kipande cha ukubwa wa kiganja, kimepinda kama mkia wa mbwa.

Nyuma ya viti nikaona kikapu cha wifi.

Wifi yangu alifariki akiwa anafuma. Siku za mwisho alininong'oneza, "Nisipomaliza, mpe mama hivyo hivyo. Mwambie ni yangu." Nikaitikia. Ukaja msiba, zikaja shughuli... kikapu nikakisahau. Au nilijifanya nimesahau.

Skafu ilikuwa ya bluu, imebaki kidogo tu. Nikakaa juu ya gunia, nikashika sindano zake, nikaanza kuimalizia. Nani angejua?

Nikapumzika kunyoosha vidole.

Tik... tik... tik...

Sindano zilikuwa zimelala mapajani mwangu.

Harufu ya mafuta ya kuchua ikanijia, yale aliyokuwa akijipaka vidoleni kabla ya kufuma.

"Wifi..." Sauti ilikuwa nyuma ya sikio langu. "Umeruka kitanzi."

Nilitoka mbio, viti vikaanguka. Nilipojikaza kurudi na taa, skafu ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya gunia.

Imekamilika.

Mtu mwenye haya angesema ukweli hapo hapo. Mimi niliifunga kwenye karatasi ya zawadi.

"Umefuma mwenyewe?" mama aliniuliza kesho yake, mbele ya wauguzi wenzake.

"Ndiyo, mama."

Akaipitisha shavuni, akalia. "Mkono wako umekuwa kama wa marehemu. Mungu amenirudishia binti." Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku hiyo, kila magharibi, stoo inalia. Tik, tik. Kikapuni kuna skafu nyingine, ya kijani, na uzi wake naujua: ni wa sweta langu. Nimelifungia kabatini, lakini kila asubuhi mkono wake umepungua. Sasa umefika kiwikoni.

Dawa naijua. Ni kusema ukweli tu. Jana nilimfuata mama sebuleni, skafu iko shingoni.

"Mama, hiyo skafu..."

"Eh, mwanangu? Inanipa joto hii, we acha tu!"

Nikamuuliza kama atakunywa chai. Aibu ilinikaba kuliko woga.

Leo nitamwambia. Kweli nitamwambia. Nimesimama mlangoni kwake, jua linazama, mkono uko kwenye kitasa... na harufu ya mafuta ya kuchua imeshanifikia.

"Wifi," ananong'ona, "sogea nikupime shingo."