Sinia Tupu la Nora

Kila jioni, sala ikiisha, Titilia aliketi mbele ya mgeni na kumpepea. Alishika upepeo wa majani ya mnazi, na kazi yake ilikuwa kufukuza nzi wasitue kwenye chakula. Titilia alikuwa na miaka saba. Mgeni aliitwa Nora, mwenye miaka ishirini na minne, naye alikula.

Alikula vizuri sana. Mama Folole, mwenye nyumba na mama yake Titilia, alimwandalia sinia la magimbi, samaki wa kopo, na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui zito. Nora alimaliza yote. Alipangusa hata tui kwa kipande cha mwisho cha gimbi. Folole akiona sinia limekwisha, aliita kuelekea jikoni, "Leteni tena." Likaletwa tena. Nora akashusha pumzi, akala tena.

Msimwite mlafi. Nora alilelewa na bibi yake huko Bendigo, Australia. Kwa bibi yule, kubakiza chakula kulikuwa sawa na kumtukana aliyepika. Nora alipokuja kisiwa cha Savai'i kujitolea miezi kumi katika zahanati ya kijiji, aliapa kwamba hatamvunjia mtu heshima. Hakujua kwamba kila nyumba ina adabu yake, na adabu ya nyumba moja inaweza kuwa balaa katika nyumba nyingine.

Alifika mwezi wa Machi. Kimbunga kilikuwa kimepita wiki tano tu. Mashelisheli yalianguka yangali machanga, na migomba ililala chini shamba zima. Pesamino, mume wa Folole, alikuwa shemasi wa kanisa, na mgeni wa kijiji alipelekwa kwake kwa sababu ilikuwa heshima kumpokea. Nani angekataa heshima kwa kuwa migomba imeanguka?

Siku za kwanza Nora aliuliza, "Mama, na nyinyi hamli?"

"Tutakula, mwanangu," Folole alijibu. "Wewe kula kwanza."

Nora akaamini kuna sufuria nyingine jikoni. Kila alipoinuka kwenda kuangalia, Pesamino alimzuia. "Keti, Nola, keti. Mgeni hapiki." Walimwita Nola, na yeye alilipenda jina hilo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini Nora alifikisha mwezi wa tatu bila kushikishwa hata kisu cha kumenyea.

Kazini mambo yalikwenda vizuri. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kamati ya wanawake ilikutana zahanati na watoto wakapimwa uzito. Muuguzi Apolonia, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, aliwapandisha watoto kwenye mizani. Nora aliandika daftarini. Mama Folole aliketi mkeka wa mbele, kwa sababu ndiye aliyechaguliwa na kamati kusimamia afya ya watoto wa kijiji.

Jumatano ya mwezi wa Juni, Titilia alipanda mizani. Nora akasoma kilo kumi na tisa. Akafungua kurasa za nyuma. Mwezi wa Aprili mtoto huyu alikuwa na kilo ishirini na moja.

Nora aliogopa. Alimpenda mtoto yule. Na hofu yake ikatoka mdomoni kabla hajaifikiria.

"Mama Folole," alisema, wanawake wote wakisikia, "Titilia amepungua kilo mbili. Unampa nini nyumbani? Mtoto lazima ale. Wewe ndiye unayewafundisha wenzako, mama."

Wanawake walitazama mikeka. Folole alimtazama Nora kwa muda mrefu.

"Nitajitahidi," alisema. Akamshika binti yake mkono, akaondoka.

Wanawake walipokwisha kutawanyika, Apolonia alifunga dirisha la zahanati.

"Njoo hapa, Nola. Kaa. Jana jioni ulikula nini?"

"Magimbi na samaki."

"Masinia mangapi?"

Nora aliona haya. "Mawili. Mama Folole huongeza kila nikimaliza."

"Na unamaliza yote."

"Namaliza. Si ndiyo adabu?"

Apolonia alicheka kidogo, lakini kicheko hicho hakikuwa cha furaha. "Adabu. Dada yangu, ulipofika ulikuwa mwembamba kama ufito. Jitazame sasa. Hizo kilo mbili ulizokuwa unazitafuta daftarini, umezikalia."

Nora hakuelewa.

"Sikiliza vizuri," Apolonia alisema, safari hii kwa upole. "Hapa kwetu mgeni anakula kwanza. Kinachobaki kwenye sinia, ndicho wanachokula mama na watoto. Hakuna sufuria nyingine. Ukila ukabakiza, unasema umeshiba, asante. Ukimaliza, unasema bado una njaa. Na mwenye nyumba ambaye mgeni wake ana njaa, ataficha wapi uso wake? Anakuletea tena. Anakuletea cha mtoto."

"Lakini kwa nini hakuniambia?"

"Akuambie nini? 'Mgeni, acha kula'? Ungesema wewe, kwenu?"

Nora alilia pale pale. Alikumbuka jioni baada ya jioni, mtoto akimpepea huku akitazama kila kipande kinavyoingia mdomoni mwake. Alikuwa amedhani Titilia anatazama kwa sababu anampenda. Alijichukia.

"Kesho nitaiita kamati," alisema. "Nitawaambia wote kwamba chakula nilikila mimi."

"Hapana," Apolonia alisema haraka. "Ukisema hivyo, umetangaza kwamba nyumba ya shemasi haina chakula cha kutosha. Hapo utakuwa umemwaibisha mara mbili. Omba msamaha kwa namna ulivyosema. Hayo mengine yameze."

"Sasa nifanye nini?"

"Leo kula kidogo. Sifia chakula, sema umeshiba, sukuma sinia likiwa na nusu. Kisha acha kuwa mgeni. Nunua mchele na kasha la samaki wa kopo, upeleke jikoni kama mtoto wa nyumba anavyopeleka. Usitoe hotuba. Na ukifika jikoni usitoke. Shika mbuzi, ukune nazi. Watakufukuza. Usikubali kufukuzwa."

"Na nikiona jambo lingine linalonitia hofu?"

"Uliza faraghani. Kumuuliza mtu jambo la nyumba yake mbele za watu si kuuliza, ni kushtaki."

Jioni ile Nora alikula vipande viwili vya gimbi na samaki kidogo. Akasukuma sinia mbele. "Nimeshiba, mama. Chakula kitamu sana."

Folole alishtuka. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeshiba."

Titilia aliweka upepeo chini, akalibeba sinia kwa mikono miwili na kukimbia nalo jikoni kwa bibi yake. Sauti yake ilisikika hadi barabarani, imechangamka kama ya mtu aliyeona sikukuu. "Bibi, leo Nola ameshiba!"

Folole aliinamisha kichwa. Sasa alijua kwamba Nora anajua.

"Nisamehe, mama," Nora alisema. "Kwa chakula, na kwa maneno ya leo."

"Chakula nilikupa mwenyewe," Folole alisema. "Nilikupa kwa moyo wangu. Hicho hakina msamaha wa kuombwa." Alinyoosha ukingo wa mkeka uliokuwa tayari umenyooka. "Lakini yale mengine, Nola. Ungeniuliza nyumbani. Nyumbani ningekujibu."

Nora alifuata yote aliyoambiwa. Alipeleka mchele na samaki kupitia mlango wa jikoni, akauweka mzigo chini bila neno. Walimfukuza mara tatu, akarudi mara nne. Alijifunza kukuna nazi, ingawa wiki ya kwanza alikuna na vidole vyake, na bibi yake Titilia akauliza kama tui la siku hiyo lina nyama. Kufikia Agosti alikuwa anakula jikoni pamoja na watoto, baada ya wazee, kutoka sinia moja. Migomba mipya nayo ilianza kutoa majani. Titilia alifika kilo ishirini, kisha ishirini na moja, kisha ishirini na mbili.

Mbele ya kamati, mwezi wa Julai, Nora alisimama na kuomba msamaha. Alisema alizungumza bila adabu kwa mtu mzima aliyempokea kama binti yake. Wanawake walimwitikia vizuri, na mmoja akambusu shavuni. Mambo yakaonekana yamekwisha.

Lakini Folole hakuwepo. Baada ya Jumatano ile ya Juni alikuwa ameiachia kamati kazi ya kusimamia afya ya watoto. Alisema macho yake yamechoka, hayasomi tena namba ndogo. Hakuna aliyeamini, wala hakuna aliyembishia. Kwa miezi mitano alimtuma jirani ampeleke Titilia kupimwa. Nyumbani alicheka na Nora, alimsuka nywele, alimwita mwanangu. Zahanati hakukanyaga. Nora alimsihi mara moja tu. Folole akamjibu kwamba kuni zimekwisha, akaenda kutafuta kuni.

Hilo ndilo lililomuuma Nora hadi mwisho. Kilo mbili za mtoto zilirudi kwa magimbi na samaki. Kiti cha mama yake alikivunja kwa sentensi nne, na hakujua chakula cha kukirudisha.

Jumatano ya kwanza ya Desemba, Nora alipima watoto kwa mara ya mwisho. Wanawake walikuwa wengi. Alipomwita Titilia, mtoto alisogea akiwa ameshikwa mkono, na aliyemshika alikuwa Folole. Hakwenda mkeka wa mbele. Alisimama nyuma karibu na mlango, kama mama mwingine yeyote, akamwachilia binti yake apande mizani.

Nora alisoma namba, akarudia kuisoma, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ngapi?" Folole aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Ishirini na tatu, mama."

"Basi andika."