Bibi Wawili na Rubani wa Kinngait

Injini ilianza kukohoa wakiwa juu ya bahari iliyoganda. Kwa ndege, kutoka kijiji cha Ausuittuq hadi kile cha Ikpiarjuk, huko kaskazini ya mbali, ni mwendo wa kusinzia tu, lakini bibi wawili waliokaa nyuma hawakusinzia, walikuwa wakigombana. Aaluk alitaka mjukuu wao aliyezaliwa juzi huko Ikpiarjuk, ambaye walikuwa wakienda kumwona, apewe jina la marehemu mumewe. Pitsiula alitaka la kaka yake, aliyezama mwaka uliopita. Mtoto alikuwa wa binti wa Aaluk na mwana wa Pitsiula, na hakuna aliyekubali kulegeza.

Rubani, Kalluk, kijana wa kijiji cha mbali cha Kinngait, aliona mabawa yameshika barafu, akawaambia wainamishe vichwa. Ndege iligusa chini, ikateleza, ikagonga tuta la barafu na kulala ubavu.

Wanawake walitoka na michubuko. Kalluk walimvuta kwa mabega. Usukani ulikuwa umemponda kifua, na kila alipokohoa theluji ilipata madoa mekundu.

“Redio?” Pitsiula aliuliza.

“Wanajua tulipo. Ila kwa upepo huu hatoki mtu.”

Aaluk alikata matofali ya theluji kwa kisu, Pitsiula akayapanga mpaka wakapata kibanda cha kuingia kwa magoti. Waliwasha jiko dogo la ndegeni, wakayeyusha barafu kuukuu isiyo na chumvi, wakamnywesha Kalluk kwa kijiko. Aaluk alitaka kuifuata pwani kwa miguu. Kalluk alimkataza: nchi kavu haionekani, na barafu inatembea. Wakamlaza katikati yao.

Upepo haukukatika. Wanawake wakaishiwa na maneno.

“Bibi zangu, gombaneni,” Kalluk alisema. “Mkinyamaza nadhani nimeshakufa.”

Basi wakagombana. Walitajiana ukaidi wa yule mume na uvivu wa yule kaka, na Kalluk akacheka huku ameshika mbavu. Walipomtaka aamue, alisema jina lichaguliwe na mwenye sauti kubwa.

Baadaye hakucheka tena. Pitsiula aliendelea kumsugua mikono.

“Mwache, mkwe wangu,” Aaluk alisema. “Ameshakwenda.”

Pitsiula hakuacha mara moja.

Upepo ulipotulia, wanaume wa Ikpiarjuk walifika kwa pikipiki za theluji. Waliwachukua wote watatu. Baridi ilikuwa imeua vidole viwili vya mguu wa Aaluk.

Nyumbani kwa mtoto, binti wa Aaluk aliuliza wamekubaliana jina gani. Hawakuwa wamelizungumza tena tangu kule kibandani.

“Kalluk,” alisema Aaluk.

Pitsiula aliitikia kwa kichwa. Mtoto alikuwa wa kike, lakini kwao jina halichagui mume wala mke, na anayepewa jina la marehemu huhesabiwa kuwa ni marehemu mwenyewe amerudi.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, mama yake rubani alipanda ndege kutoka Kinngait, akabadilisha nyingine, akafika. Alimpokea mtoto, akamnusa shavu la kwanza, kama wabusuvyo kwao, akamnusa la pili.

“Mwanangu,” alimwambia, “mbona umechelewa hivi?”