Uzi Mwekundu Haukatwi

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, kazi yangu ni kumwagilia miche kwenye kitalu cha shangazi. Naanza na michungwa iliyo kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kukuzia miche, nafuata mawaridi, namalizia na miti ya tarumbeta iliyopangwa ukutani. Tunaiita hivyo kwa sababu ya maua yake marefu meupe yanayoning'inia kama tarumbeta. Ukipita hapo jioni, harufu yake inakufuata hadi barabarani.

Kila mti wa tarumbeta ulifungwa uzi mwekundu shinani. Uzi huo ulikuwa amri: ukiuona, vaa glavu, usijifikiche macho, na ukimaliza kazi unawe kwa sabuni. "Huu ni jamaa wa mnanaha, ule mmea unaopagawisha watu," shangazi aliniambia siku ya kwanza. "Jani, ua, mbegu, vyote vina sumu. Mzuri wa sura, mbaya wa tabia."

Lakini mteja akitokea, shangazi aliukata uzi kwa kucha ya kidole gumba. Mimi naitwa Mbishi, na jina hilo sikulipata bure. Nilimuuliza kama sumu inawadhuru watunza bustani peke yao.

"Biashara ni matangazo, si vitisho," alinijibu. "Mwagilia maji."

Ndivyo alivyouziwa mti fundi wa viatu, baba yake rafiki yangu Sauti. Sauti ni jina la utani la msichana anayeongoza kwaya ya shule yetu. Fundi aliuzunguka mti mara mbili, akauliza, "Hauna madhara? Nyumbani kuna watoto."

Shangazi akacheka. "Fundi, ungekuwa na madhara ningeuuza hadharani, mchana kweupe?" Kisha akanigeukia, "Kata uzi, umpakilie."

Nilinuna, lakini nilikata.

Wiki tatu baadaye maua ya mti ule yalichanua nyumbani kwa fundi. Ijumaa, wakati wa mapumziko, Sauti alituvuta nyuma ya darasa, mimi na mwenzetu Kijiti, msichana mwembamba kuliko hata jina lake.

"Binamu yangu anasema maji ya yale maua yanakufanya uone maajabu," alisema. "Na si kosa kisheria. Watu wameyapanda mpaka getini." Akanitazama. "Wewe ndiye mwenye kitalu. Yana sumu?"

Hapo ndipo nilipokosea, na sitafuti wa kumlaumu. Niliona kwamba nikisema kweli, nitakuwa nimemwita shangazi mwongo mbele ya watu. Nikatoa jibu lake kama kasuku: "Yangekuwa na sumu tungeyauza hadharani?" Nilidhani Sauti anapiga domo tu.

Kesho yake, saa nane mchana, Kijiti aliingia kitaluni mbio, viatu mkononi.

"Sauti si Sauti tena! Amekunywa yale maua. Ngozi inawaka moto, mdomo umekauka, anaongea na watu ambao hawapo. Baba yake amempeleka kituo cha afya. Nilikuwa naye, lakini baba yake nimemwambia ni homa. Na wewe useme hivyo hivyo, tafadhali!"

Nikamtazama shangazi. Alikuwa ameinamia kiriba, na mkono wake ulikuwa umeganda kwenye udongo.

"Twende tukamwambie daktari," nikasema.

"Ngoja kwanza," alisema taratibu. "Daktari ana vipimo vyake, ataona mwenyewe. Tukitajwa leo, kesho hakuna atakayenunua hata mche wa nyanya hapa. Kitalu hiki ndicho kinachokulisha, mwanangu."

"Basi nisile."

"Mbishi!"

"Sinyamazi, Shangazi. Kama ni kunipiga, utanipiga nikirudi."

Nilivaa glavu, nikakata tawi lenye ua, nikalifunga kwenye gazeti na kutoka mbio. Sikuomba ruhusa wala sikugeuka nyuma.

Kituoni nilimkuta Sauti kitandani, baba yake amemshika mabega. Mboni za macho yake zilikuwa zimepanuka mno, macho yote yakaonekana meusi. Vidole vyake vilichuma hewani vitu nisivyoviona. "Mtoeni huyu mtu!" alilia, akimsukuma baba yake. "Simjui!" Sauti iliyoongoza kwaya yetu ilikuwa imebaki mkwaruzo. Fundi alitokwa na machozi bila kujificha, nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu," daktari alikuwa akisema. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani. "Baba, una hakika hajala chochote?"

"Amekunywa haya," nikasema, nikafungua gazeti. "Maji ya maua haya. Yametoka kitaluni kwetu. Mimi ndiye niliyekata uzi wa onyo, na mimi ndiye niliyemwambia hayana sumu. Nilijua yanayo."

Fundi aligeuka akanitazama. Daktari hakupoteza muda. "Amekunywa saa ngapi?"

"Saa sita," akajibu Kijiti aliyekuwa amenifuata, akitweta. Daktari akamwagiza nesi aweke dripu, asiondoe macho kwenye mapigo ya moyo, na gari liandaliwe kwenda hospitali kubwa.

"Vizuri umesema," aliniambia. "Moyo wake unakimbia vibaya, na mimi nilikuwa natafuta gizani."

"Lakini daktari, si kosa kisheria," Kijiti alinong'ona.

"Hata kula misumari si kosa kisheria," daktari alijibu bila kuinua macho. "Umewahi kumwona mtu akiila? Sumu haisomi sheria, binti."

Gari lilikuwa halijaondoka shangazi alipoingia, udongo ungali mikononi. Nesi alikuwa amemweleza mlangoni yote niliyoyasema. Nikajiandaa kwa kofi. Alinipita, akapiga magoti mbele ya fundi.

"Mtoto huyu alikata uzi kwa amri yangu. Hata maneno aliyomdanganya nayo binti yako ni yangu. Uliniuliza swali la maana, nikakujibu kwa mzaha. Nisamehe, fundi."

Fundi alipanda gari na mwanawe.

Sauti alilazwa siku tatu. Aliporudi shuleni, kwa siku kadhaa herufi za ubaoni zilimchezea, akaketi tu huku sisi tukiandika. Kijiti alimuuliza kuhusu yale maajabu.

"Maajabu gani?" Sauti aliwaka. "Niliona wadudu wakinitambaa mwili mzima. Naambiwa nilimfukuza baba yangu mwenyewe, na wala sikumbuki. Hayo ndiyo maajabu."

Jumamosi iliyofuata, mimi na shangazi tulikuwa tukifunga nyuzi upya, wateja wakiwa wachache kweli kama alivyoogopa. Fundi akaingia na ule mti mikononi, akautua miguuni pa shangazi. Kisha akatoa mfukoni kibunda cha uzi mwekundu, mnene, uliopakwa nta.

"Huu ndio ninaoshonea soli," alisema. "Hebu ukate kwa kucha."

Shangazi alijaribu. Alijaribu tena, akatikisa kichwa. Fundi akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akaondoka.

Shangazi aliketi juu ya ndoo, akaniita karibu. "Nisikilize, mwanangu. Kitu kuuzwa hadharani si kusema ni salama. Na anayejua hatari akainyamazia, awe mkubwa au mdogo, ameshiriki kumnywesha mwenzake. Mimi nilinyamaza, wewe ukasema. Ubishi wa namna hiyo usiuache hata ukizeeka."

Mama mmoja akasimama mbele ya tarumbeta, akavutiwa na maua, kisha akagusa shina. "Na huu uzi ni wa nini?"

Shangazi alinitazama mimi. "Mwambie."

Nikamwambia yote. Mama yule aliondoka na mawaridi mawili, na uzi ukabaki palepale.