Mtu Asiye na Kibati

JUMAPILI, SAA KUMI ALASIRI

Chumba cha nyuma ya karakana. Dirisha moja, feni mbovu, meza iliyojaa grisi. Wanaume watatu wameinamia karatasi.

Nyapara alikuwa anaongea, na Nyapara akiongea wengine humeza mate tu. Kwa mwajiri wake alikuwa msimamizi wa mafundi katika bohari ya mafuta. Kwa hawa wawili alikuwa kitu kingine kabisa.

"Tangi letu lile," akagonga karatasi kwa kidole. "Tupu. Ukuta uliliwa na kutu huku nyuma, bamba bovu tumeshalikata. Tundu limebaki, mtu anapita akiinama. Hatua kumi kutoka kwenye tundu kuna dirisha la ghala la mali zilizokamatwa. Ndani kuna kisanduku cha mawe ghafi ya thamani, hakizidi tofali. Mnanisoma?"

"Mlinzi je?" akauliza Fundi. Yeye ndiye mchomeleaji, mtu wa makamo, miaka ishirini kwenye moto.

"Mlinzi anahesabu vichwa. Wanane tunaingia, wanane tunatoka. Ndiyo maana huyu hahesabiwi."

Akamwonyesha Panya. Panya alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja, sura moja, ila mwembamba kuliko deni la masikini. Ataingizwa tangini akiwa ndani ya sanduku la nyaya. Hatakuwa na kibati. Na kibati pale ndiyo sheria: kila anayeingia ndani ya tangi hutundika kibati chake cha namba kwenye ubao mlangoni. Kikiwepo hata kimoja, tangi halifungwi.

"Saa sita watu wakila, unatoka kwa tundu, unakata nondo za dirisha, unachukua, unarudi," akasema Nyapara. "Ukirudi, gonga ukuta mara mbili, kaka yako asikie. Yeye anaziba tundu. Jioni unatokea mlango wa chini wa tangi, unaingia kwenye sanduku lako, tunakwenda zetu."

"Na mkinisahau humo?" akauliza Panya.

"Kwani wewe spana?" Nyapara akacheka peke yake.

Fundi hakupenda. Mama yao kabla hajafumba macho aliushika mkono wa Panya akauweka ndani ya mkono wa Fundi. Lakini Fundi hakuwa na ubavu wa kumwambia Nyapara hapana.

JUMATATU, SAA SITA NA DAKIKA TANO MCHANA

Mafundi wameenda kula. Nyapara kaenda nao, aonekane. Fundi kabaki juu ya jukwaa, upande wa mbele wa tangi, anachomelea mshono ambao ungeweza kungoja. Kazi yake ni kelele. Msumeno wa Panya huko nyuma usisikike.

Jasho linamtiririka ndani ya barakoa. Kijiti cha kuchomelea kinamnata kwenye chuma. Mchomeleaji mwanafunzi hunatisha kijiti. Yeye mara ya mwisho alinatisha kabla hajaoa.

SAA SABA NA DAKIKA ISHIRINI

Akazima. Akainua barakoa. Akategea sikio.

Kimya. Dakika moja. Mbili.

Ko. Ko.

Mara mbili, ndani ya ukuta. Fundi akashusha pumzi nusura machozi yamtoke. Nyapara alipopita chini akijichokonoa meno, Fundi akamwitikia kwa kichwa. Yumo.

SAA NANE

Kreni ilileta bamba jipya, kona zake zimekatwa duara, maana kona kali huzaa ufa. Kabla halijakaa Fundi aliingiza kichwa kwenye tundu.

"Panya!" akanong'ona.

Giza. Hakuna jibu. Akajifariji kwamba bwana mdogo kaambiwa anyamaze, basi kanyamaza. Akawasha moto. Kila alipofika kwenye kona alihisi anamfukia mtu.

SAA TISA NA NUSU

Mkaguzi alikuja na kurunzi, akaupima mshono, akauchunguza, akaridhika. Mtu mfupi, mpole, asiye na papara.

"Kazi safi. Fungeni mlango wa chini. Tunaanza kujaza maji ya majaribio sasa hivi."

"Si kesho?" akauliza Fundi.

"Mafuta yanaingia mapema. Tangi linatakiwa." Akautazama ubao wa vibati. Mtupu. "Hakuna mtu ndani. Kazeni nati."

Nati ishirini na nne. Fundi alizihesabu zote zikikazwa.

SAA TISA NA DAKIKA HAMSINI

Pampu ikanguruma. Nyapara akamkamata Fundi kiwiko, akamvutia nyuma ya mitungi ya gesi.

"Funga domo lako."

"Bosi, atakufa mle."

"Maji yanapanda pole pole. Giza likiingia tutakuja kumtoa."

"Nati ishirini na nne? Mbele ya mlinzi?"

"Anajua kuogelea?"

"Hata kuoga hapendi!"

"Basi leo atajifunza." Nyapara akaminya kiwiko zaidi. "Sikiliza. Ukisema, tunaozea jela wote, na yeye pia. Ukinyamaza, labda anapona. Chagua."

Fundi akachagua kunyamaza. Mwandishi wa habari hizi hatamtetea. Aliogopa jela, alimwogopa Nyapara, aliogopa hata macho ya Mkaguzi. Akasimama pale akisikiliza maji yakimwagika.

Ko. Ko.

Miguu ikaondoka kabla ya akili. Alikimbia mpaka kwenye ubao, akachomoa kibati chake mfukoni, namba nne, akakitundika kwenye msumari.

"Zimeni! Kuna mtu ndani!"

Mkaguzi hakuuliza swali. Kibati ni kibati. Alinyanyua mkono na pampu ikakata. Ndipo akamgeukia.

"Namba nne ni wewe. Na wewe uko hapa nje."

"Si mimi. Ni mdogo wangu. Hana kibati. Fungueni, nitawaeleza yote, fungueni kwanza!"

Akaeleza. Sanduku la nyaya, dirisha, mawe, Nyapara. Alieleza huku akizungusha nati kwa mikono miwili na ngozi ikichubuka. Nyapara aligeuka aondoke, akakutana kifua kwa kifua na askari polisi wa zamu. Pingu zikalia.

SAA KUMI NA DAKIKA KUMI

Mlango ukafunguka. Maji yakawamwagikia miguuni. Fundi alikuwa wa kwanza kuingia, akiita jina la mdogo wake, lile alilopewa na mama. Tangi likamrudishia sauti yake mwenyewe. Kurunzi ya Mkaguzi ikazunguka ukuta mzima. Bamba, mshono, maji, bamba.

Hapakuwa na mtu.

Ko. Ko. Askari karuka.

"Chuma kinapoa tu," akasema Mkaguzi. "Fundi, miaka yote hii hulijui hilo?"

Alilijua. Alilijua kama anavyolijua jina lake. Hofu ilikuwa imemsahaulisha.

Nje, mlinzi wa getini alikuwa anamwangalia Fundi kwa mshangao.

"Huyu si alitoka saa saba na robo na mfuko begani? Kofia kaishusha usoni. Nikamuuliza mbona mapema, akasema anafuata vijiti vya kuchomelea. Sura yake, mwendo wake, yeye mtupu!"

Nyapara ndiye aliyeelewa kwanza. "Katuuza. Panya kaondoka na mawe mchana kweupe, na wewe ukatumalizia!"

Fundi alikaa chini kwenye tope. Alikuwa ametupa kazi, jina na miaka yake iliyobaki kwa ajili ya mtu aliyemwacha bila kugeuka nyuma. Na bado alikuwa analia kwa furaha, kwa sauti, mbele ya watu wote. Panya hakuwa ndani ya maji. Panya alikuwa hai.

Askari akafungua daftari. "Haya, jina kamili la huyo mdogo wako. Na anakolala."

Fundi akafuta pua kwa mkono. "Mdogo gani, afande? Sina mdogo."

"Umesema sasa hivi!"

"Nilichanganyikiwa. Moshi."

Askari akamtazama Mkaguzi, Mkaguzi akatazama pembeni. Nyapara akakohoa.

"Andika, afande," akasema taratibu. "Jina lake ninalo. Na nyumba ya shangazi yao, anakokimbilia akiharibu, ninaijua. Ukiwahi sasa hivi utamkuta anakula."

Fundi alijaribu kusimama, mkono wa askari ukamrudisha chini.