Asubuhi Itaingilia Wapi?

Ilianza Jumanne, tarehe kumi Novemba, saa kumi na mbili na robo jioni. Bibi alikuwa anafunga pazia.

Shwaa.

"Giza likiingia, pazia linafungwa," alisema Bibi. Akalibana katikati kwa vibanio vya nguo. Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Usiku usipate pa kuchungulia.

"Kulifunga ni kazi yangu," akamwambia mjukuu wake. "Kulifungua ni kazi yako."

Mjukuu huyo ni Sekela. Ana miaka sita. Anakaa na Baba, Mama na Bibi juu kwenye milima ya Uporoto, penye mashamba ya viazi na baridi ya kutetemesha meno. Mwezi wa sita, majani huamka meupe kwa umande ulioganda.

Kila siku Sekela huamka wa kwanza. Anatoa vibanio. Anavuta pazia.

Shwaa. Asubuhi inaingia.

Inakaa kwenye blanketi. Inapanda ukutani. Inafika mpaka kwenye birika.

"Kumekucha," husema Sekela. Ndipo wengine wote huamka.

Basi, jioni hiyo, simu ya Baba ililia. Alikuwa Shangazi Ikupa, dada yake Baba. Baba akaongeza sauti ya simu, wote wasikie.

Shangazi Ikupa anafanya kazi mbali sana, kaskazini kabisa, karibu na utosi wa dunia. Kazi yake ni kupima theluji. Theluji ikianguka, yeye ndiye mwenye rula.

"Njooni Desemba," alisema Shangazi. "Tiketi ziko tayari. Ila chumba changu kina kitanda kimoja, na kitanda chenyewe nakijaza mimi. Chagueni nyumba ya kulala. Zipo tatu tu. Wenyewe wanataka jibu kesho."

"Huko kuna baridi?" aliuliza Bibi.

"Ipo, Mama."

"Sisi na baridi ni ndugu," alisema Baba.

"Huyo ndugu yenu wa huku ni mkubwa zaidi," alisema Shangazi.

"Na jua je?" aliuliza Sekela.

Shangazi akajibu polepole. "Desemba huku jua halichomozi, mwanangu. Mchana panapata mwanga kidogo tu, rangi ya bluu. Kisha giza tena. Mpaka Januari."

Sekela alilitazama pazia.

Kama jua halichomozi, pazia lifunguliwe lini? Asubuhi isipoingia, watu wataamkaje? Watalala, na kulala, na kulala, mpaka viazi vyao vivunwe na watu wengine.

"Mimi siendi," alisema kwa sauti ndogo. "Siendi mpaka nijue asubuhi itaingilia wapi."

Ti-ting. Ikaja picha ya kwanza.

Ilikuwa nyumba ya barafu. Kuta za barafu. Meza ya barafu. Hata kitanda kilikuwa cha barafu, kimetandikwa manyoya mazito.

"Hii," alisema Baba. "Nikirudi niwaambie watu nililala ndani ya friji."

"Na jiko langu la mkaa nitaliweka wapi?" aliuliza Bibi.

"Mama, jiko la mkaa kwenye nyumba ya barafu? Tutaamka tunaelea."

"Angalau maji yatakuwa ya moto," alisema Bibi.

Sekela aliitazama picha kwa makini. Akatafuta dirisha. Halikuwepo. Hata tundu halikuwepo.

"Nzuri," alisema. "Lakini asubuhi itaingilia wapi?"

Shangazi akamwuliza mwenye nyumba. Ti-ting. Jibu likaja.

"Anasema haiingii. Saa ikifika, atapita kupiga kengele."

Sekela akatikisa kichwa. "Kengele ni kengele. Siyo asubuhi."

Ti-ting. Ikaja picha ya pili.

Ilikuwa nyumba ya kioo, ya mviringo kama bakuli lililofunikwa. Ukilala chali unaona nyota zote, na mianga ya kijani inayocheza angani.

"Hii," alisema Mama. "Mimi nataka nyota kitandani."

"Pazia liko wapi?" aliuliza Bibi.

"Hakuna, Mama. Ni kioo chote," alijibu Shangazi.

Bibi alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Pazia bado halikuwepo.

"Yaani nivue gauni huku nyota zote zinanitazama?"

Sekela aliitazama picha kwa makini. Kioo juu. Kioo kulia. Kioo kushoto. Akafurahi kidogo.

"Nzuri," alisema. "Lakini asubuhi itaingilia wapi?"

Ti-ting.

"Anasema pa kuingilia ni pengi," alisema Shangazi, "ila haiji. Ukifumbua macho, unaona usiku uleule."

Sekela akaacha kufurahi.

Ti-ting. Ikaja picha ya tatu.

Ilikuwa nyumba ya mbao, nyekundu, juu ya kilima kidogo. Ndani kulikuwa na jiko la kuni la chuma na dirisha moja kubwa. Mwenyewe alikuwa mwanamke mzee aitwaye Mama Marit.

"Jiko," alisema Bibi. "Na pazia. Hili hapa pembeni. Mimi nimemaliza."

"Nyumba za mbao hata hapa zipo," alisema Baba. "Tupande ndege tatu kwenda kulala kwenye mbao?"

Baba alitaka barafu. Mama alitaka kioo. Bibi alitaka mbao. Alibaki Sekela peke yake, na wote wakamgeukia.

Sekela aliitazama picha kwa makini. Dirisha lilikuwa jeusi.

"Asubuhi itaingilia wapi?"

Safari hii walisubiri sana. Viazi vikaiva. Wakala. Mama akaosha sahani zote.

Ti-ting.

Shangazi alisoma polepole. "Mama Marit anasema hivi. Kwangu asubuhi haiingii. Kwangu asubuhi inatoka."

"Inatokaje?" aliuliza Mama.

"Anasema mje muone."

Baba akacheka. Mama akasema hilo siyo jibu. Lakini Sekela alikaa, akafikiri, akakunja vidole viwili.

Wa kengele hakuwa na asubuhi. Wa kioo hakuwa na asubuhi. Na huyu wa tatu?

"Kama inatoka, basi imo," alisema Sekela. "Mama Marit anayo. Nachagua ya mbao."

"Tuko wawili," Bibi alimwambia Baba. "Tumeshinda. Nenda kalale."

Desemba ikafika.

Walipanda ndege kubwa. Wakapanda ndege ya wastani. Wakapanda ndege ndogo yenye viti kumi na tisa. Sekela alivihesabu mara mbili.

Kisha wakapanda gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya theluji. Lilivutwa na mbwa wanane.

Wuu, wuu, wuu.

Bibi aliukumbatia mkoba wake. Jiko la mkaa lilikuwa limebaki nyumbani. Vibanio vya nguo havikubaki.

Walifika saa tisa mchana. Giza lilikuwa totoro.

Bibi alitazama juu. "Saa tisa mchana," alisema. "Jua la huku halina adabu."

Shangazi Ikupa aliwapokea kwa kicheko na kuwakumbatia. Wakapanda kilima pamoja, theluji ikilia chini ya viatu.

Kruchu. Kruchu. Kruchu.

Mama Marit alifungua mlango. Alikuwa mfupi, mwenye mashavu mekundu. Alijua neno moja la Kiswahili, alilofundishwa na Shangazi.

"Karibu," alisema.

Akapokea makoti. "Karibu." Akaleta supu ya samaki. "Karibu." Akamfukuza paka kwenye kiti cha Bibi. "Karibu."

Sekela alikunywa supu yote. Kisha akauliza swali lake.

"Asubuhi iko wapi?"

Shangazi akatafsiri. Mama Marit akanyoosha kidole.

Mbele ya dirisha kubwa kulikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na taa. Taa tu, ya kawaida, imezimwa.

"Kijiji hiki kina nyumba kumi na moja," alieleza Shangazi, Bibi akiwa anasinzia kitini. "Hii iko juu kuliko zote. Mama Marit akiamka, anabonyeza swichi pale kitandani kwake. Tk. Taa hii inawaka. Jirani anaiona, anawasha yake. Jirani wa jirani naye anawasha. Hivyo hivyo, mpaka nyumba ya mwisho kule chini."

"Kwani hawana saa?" aliuliza Baba.

"Wanazo. Lakini giza likiwa refu namna hii, mtu hataki saa tu. Anataka kuona jirani yake ameamka."

Sekela aliigusa taa kwa kidole kimoja. Ilikuwa baridi.

"Na Mama Marit akishabonyeza?"

"Anavaa soksi. Tatu kila mguu. Hapo usimngoje."

Shangazi akarudi kwenye chumba chake chenye kitanda kimoja. Mama Marit akaenda kulala. Baba na Mama wakaenda kulala. Sekela akapanda kitanda watakacholala na Bibi, akajifunika mpaka kidevuni.

Bibi alibaki nyuma kidogo. Hawezi kulala ugenini akaacha vikombe vichafu. Akaviosha. Akavifuta. Akavipanga.

Kisha akaliona dirisha. Pana, jeusi, liko wazi. Pazia limesimama pembeni kama pambo.

"Maskini, amechoka, amesahau," alisema Bibi. "Giza likiingia, pazia linafungwa."

Shwaa.

Kimoja, viwili, vitatu, vinne.

Bibi akaenda kulala, moyo mweupe kabisa.

Asubuhi yake, Sekela alifumbua macho. Giza.

Akayafumba. Akayafumbua tena. Giza lilelile.

Jogoo hakuwika. Jua halikugusa blanketi. Bibi alikuwa anakoroma. Khrrr. Khrrr.

Je, kama leo haitatoka?

Mara akasikia sauti ndogo.

Tk.

Chini ya mlango ukatokea uzi mwembamba wa mwanga.

Sekela akashuka kitandani. Akatembea kwa ncha za vidole mpaka sebuleni.

Taa ilikuwa inawaka. Mama Marit hakuwepo. Bila shaka alikuwa bado kwenye soksi ya kwanza.

Kisha Sekela akaona pazia. Limefungwa kabisa. Na vibanio vile vinne, anavijua.

Akainama, akapenyeza kichwa chini ya pazia, akachungulia nje.

Giza. Nyumba zote kumi nyingine za kijiji zilikuwa giza. Kule chini watu walikuwa wanatazama kilimani, wanangoja taa, na taa hawaioni.

Sekela akageuka kuitazama taa. Akalitazama pazia.

Asubuhi ilikuwa imo. Bibi alikuwa ameifungia ndani.

Sekela akavuta kiti. Akapanda. Akatoa kibanio. Kimoja. Viwili. Vitatu.

Cha nne kilikuwa juu. Akasimama kwa ncha za vidole. Akanyoosha mkono. Akanyoosha tena.

Tak. Kikaruka, kikatua kwenye sahani ya paka.

Sekela akashika pazia kwa mikono miwili. Akavuta.

Shwaa.

Asubuhi ikatoka.

Ikapita kwenye kioo. Ikajilaza juu ya theluji, ndefu, ya njano, mpaka kwenye ua wa jirani.

Kwanza hapakuwa na kitu. Sekela akabana pumzi.

Kisha, taa. Nyumba ya pili.

Kisha ya tatu. Ya nne. Ya tano na ya sita kwa pamoja. Mbwa mmoja akaamka. Wuu. Wenzake wakaitikia. Mlango ukalia mahali fulani. Kruchu, kruchu, mtu akatoka na koleo la theluji.

Ya saba. Ya nane. Ya tisa. Ya kumi.

Na kule chini kabisa, ndogo kama punje ya mtama, ya kumi na moja.

Mama Marit akatokea, soksi ya sita ikiwa mkononi. Akaona pazia. Akaona vibanio. Akaona kimoja kwenye sahani ya paka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Karibu," alisema, akifuta machozi. "Karibu, karibu."

"Nani amefungua pazia?" Ilikuwa sauti ya Bibi, kutoka chumbani.

"Mimi, Bibi. Kumekucha."

Bibi akaja amejitanda blanketi. Akatazama angani. "Mbona giza?"

"Usitazame juu, Bibi. Tazama chini. Zihesabu."

Bibi akavaa miwani. Akahesabu kwa kidole, polepole, mpaka kumi na moja. Akavikusanya vibanio vyake, akakifuta kile cha paka, akavitia vyote mfukoni.

"Haya," alisema Bibi. "Kumekucha. Kawaamshe wale wavivu wawili."

Sekela akaenda mpaka kwenye mlango wa Baba na Mama. Akagonga.

Ngo, ngo, ngo.

"Kumekucha," alisema Sekela.