Mwanamume wa Sauti Kumi

"Usipande, wifi. Nakuomba kwa jina la Mola, leo usipande zile ngazi."

Macho ya Mama Sindano yalikuwa yameganda kwenye simu, kwenye ujumbe ulioingia sasa hivi kutoka namba asiyoijua:

"Mke wa kwanza wa mchumba wako alianguka kwenye ngazi za kibanda cha mashine. Hakukwambia, sivyo?"

"Piga basi," wifi alisema.

"Nimepiga. Haipatikani. Ndivyo ilivyo siku zote. Ujumbe ukishaingia tu, namba inazimwa."

"Mimi sitii neno. Lakini jiulize, wifi yangu. Yule mwanamume ana sauti ya tajiri, ana ya polisi, ana ya bibi kizee, ana ya mlevi. Sauti kumi zote ziko kooni mwake. Yake mwenyewe umeshaisikia?"

Kwa kweli Mama Sindano alikuwa hajaisikia.

Alikuwa fundi wa kushona, mjane, mwanamke asiyekunjua mkeka wake bila kumshukuru Mungu. Wifi huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe. Tangu siku ya mazishi hawakuachana: nyumba moja, sahani moja, sala moja. Na sasa mwezi ujao Mama Sindano alikuwa aolewe.

Mchumba aliitwa Sauti. Ndiye aliyeendesha ukumbi wa picha nyuma ya soko, na picha zake zilikuwa za zamani, zile zisizo na rangi, wanaume wamevaa kofia na makoti marefu, mvua inanyesha barabarani usiku kucha. Lugha ya picha hizo hapakuwa na aliyeijua. Kwa hiyo Sauti alikaa juu kwenye kibanda, mkono mmoja kwenye mashine, mwingine umeshika kipaza sauti, akawasemea watu wote wa kwenye kioo. Tajiri akitisha, Sauti ndiye. Binti akilia, Sauti ndiye.

Walijuana alipoleta vitambaa vyeusi ashonewe mapazia ya ukumbi. Alimsalimia kwa sauti ya mpelelezi: "Bibie, nimeambiwa wewe una mkono mwepesi. Una alibi?" Mama Sindano hakujua alibi ni mdudu gani, baadaye ndipo alipoambiwa ni ushahidi kwamba ulikuwa kwingine, lakini alicheka mpaka sindano ikamchoma. Tangu hapo alimposa kwa sauti ya tajiri, akamwomba radhi kwa sauti ya mlevi. Ilikuwa raha. Leo ile raha iligeuka baridi mgongoni.

Simu ya wifi ikawika kama jogoo. Ndio ulikuwa mlio wake, na hakujua kuuzima.

"Ni jirani tu," wifi alisema, akaitia mkobani. "Twende, picha itaanza. Lakini kibandani usipande."

*

Ukumbi ulijaa. Jumamosi mchana Sauti alionyesha picha mbili, ya kutisha kwanza, ya kuchekesha baadaye. "Mtu haendi nyumbani na hofu ya watu wengine," alikuwa akisema. "Anayo ya kwake."

Picha ya leo Mama Sindano alikwisha kuiona mara moja. Mke kijana katika nyumba kubwa, mume mpole kupita kiasi. Zamani angeitazama kwa raha, kwa sababu Sauti ndiye aliyemfundisha kutazama. "Wazee wale hawakuonyesha damu," alimwambia. "Walionyesha kitasa kinazunguka polepole. Damu uliitia mwenyewe, humo kichwani. Tazama kivuli, bibie. Mwenye kivuli atakuja nyuma."

Leo alitazama kivuli, na moyo ukampiga kama cherehani iliyokosa mafuta.

Kwenye kioo, mume alipanda ngazi. Kutoka juu, sauti laini ya Sauti ikasema: "Mpenzi, mbona umejifungia? Ni mimi. Utamwogopa nani kama unaniogopa mimi?"

"Uuuh," watu waliguna.

"Ngoja nikanawe uso," wifi alinong'ona, akatoka.

Hazikupita dakika nyingi, simu ya Mama Sindano ikatetemeka mapajani.

"Kivuli kikikupenda sana hukumeza. Ukipanda leo hutashuka kwa miguu yako."

Maneno yale ya kivuli aliyajua. Aliyasikia humu humu ukumbini, katika picha hii hii, kwa sauti ile ile ya juu.

Wifi akarudi, akaketi, akamshika mkono. "Mbona umekuwa baridi hivyo?"

Kabla hajajibu, mkanda wa kwanza ukaisha, taa zikawashwa. Mashine ilikuwa moja tu, kwa hiyo kila mkanda ulipoisha watu walingoja Sauti afunge mwingine. Kipaza sauti kikakohoa.

"Mama Sindano anaombwa kibandani," ilisema sauti ya mpelelezi. "Aje peke yake."

Ukumbi ukashangilia. "Bi harusi! Panda!"

"Usiende," wifi alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga kweli.

Mama Sindano akasimama. Alisali kimoyomoyo: Ee Mola, kama ni mauti, nisiyakimbie nikaishi na shaka. Kama si mauti, nionyeshe.

*

Ngazi zilikuwa za chuma, nyembamba, zimesimama wima kama za kupandia dari. Upande mmoja palikuwa na mshikio uliozungushiwa kitambaa, kikashonwa kwa mkono, mishono mikubwa ya mtu asiyejua kushona. Akaushika. Kila hatua ilipiga kelele.

Juu, kibanda kilikuwa na joto la taa ya mashine. Sauti alikuwa amempa mgongo, akipitisha mkanda kwenye meno ya mashine.

"Karibu, bibie," alisema kwa sauti ya tajiri. "Nimekutengenezea kiti, uone picha kutoka huku juu..."

"Nijibu kwa sauti yako."

Mikono yake ikasimama.

"Sauti yako mwenyewe. Mke wako alianguka wapi?"

Huko chini watu walianza kupiga miluzi. Mama Sindano alirudi nyuma hatua moja, kisigino kikagusa ukingo wa ngazi.

"Ha-ha-hapo," alisema Sauti. "Hapo u-u-ulipo... to-toka hapo, tafadhali. Sogea nd-ndani."

Aligeuka. Uso ulikuwa umelowa jasho, na mdomo ulihangaika na kila neno kama mtu anayesukuma mlango uliokwama.

"Una kigugumizi," Mama Sindano alisema, na mshangao ukampokonya nusu ya hofu.

"Ta-tangu utotoni. Nikisema ya wengine, na-natiririka. Ya-yangu yanakwama." Akavuta pumzi. "Alileta chai. Moyo ulikuwa mb-mbovu, hatukujua. Alianguka. Aliishi siku chache ho-hospitalini. Ndipo nikaweka ule m-mshikio. Ningekwambiaje? Kwa sauti ya m-mlevi?"

Mama Sindano alitaka kuamini, akashindwa. Akamnyooshea simu. "Na hii?"

Alisoma. Rangi ikampotea.

"Haya maneno ni ya-yangu."

"Najua ni yako! Ndiyo maana natetemeka!"

"Hapana, sikiliza. Hayamo kwenye p-picha. Leo umeyasikia?"

Akafikiri. Mume alikwisha kupanda ngazi, mke alikwisha kujifungia. Maneno ya kivuli hayakusemwa. "Sijayasikia."

"Nilisema si-siku moja tu. Ya mvua. Mkanda ulikatika, kioo kikawa cheusi, nikaendelea kusema uongo wangu ili msichoke. Unakumbuka mlikuwa wangapi?"

Alikumbuka. Mvua kubwa, viti vitupu, yeye na wifi wamejifunika mtandio mmoja wakicheka kwa hofu.

"Mimi na wifi tu."

"Na mimi. Basi ni m-mmoja kati yetu."

"Wifi? Wifi nakula naye sahani moja!"

"Sikwambii mwamini n-nani." Alichomoa simu yake mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Mama Sindano. "Nenda nayo. Mpelelezi wa kwenye picha atakapozima taa, piga ile namba. Ikilia hii, u-usinitazame tena maisha yako."

"Namba imezimwa siku zote."

"Ujumbe umeingia sasa hivi. Pengine ha-hajapata nafasi ya kuizima. Shika mshikio ukishuka."

*

Alikaa tena pale pale, bega kwa bega na wifi. Simu mbili zilikuwa chini ya mtandio.

"Alikwambia nini?"

"Alinionyesha mashine."

"Sauti gani alitumia?"

Mama Sindano aliogopa sasa kuliko alipokuwa ngazini. Kule aliogopa kufa. Hapa aliogopa kujua.

Picha ikafika mwisho. Watu wote wa nyumba kubwa wamekusanywa sebuleni, mpelelezi anazunguka nyuma ya viti vyao na kofia mkononi. Na kutoka juu, ile sauti isiyokwama ikasema taratibu:

"Muuaji mnamtafuta barabarani, kwenye mvua. Mimi nawaambia yumo humu ndani. Amekula nanyi. Amewafuta machozi. Nazima taa. Atajitaja mwenyewe."

Kioo kikaingia giza. Ukumbi wote ukashika pumzi.

Mama Sindano akabonyeza.

Simu ya Sauti ilikaa kimya kiganjani mwake. Alisali ibaki kimya, kisha akasikia kwamba sala hiyo ina upande wa pili, na upande huo umekaa begani kwake.

Jogoo akawika mkobani mwa wifi.

"Kumekucha!" mtu mmoja alipaza sauti, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walikizoea kichekesho hicho, jogoo wa wifi. Walicheka mpaka viti vikalia. Katikati ya kicheko chao wanawake wawili walikaa gizani wakitazamana kwa mwanga wa simu moja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na yeye ndiye fundi wa nguo.

"Laini mbili," Mama Sindano alisema. "Simu moja, laini mbili. Ile nyingine ulikuwa unaizima. Leo ukasahau."

"Nilisikia nyayo za watu msalani, nikaitia mkobani haraka..." Wifi hakumaliza. "Habari ya ngazi nilisimuliwa sokoni. Nilisema ukiogopa kidogo tu, utabaki."

"Kwa nini, wifi? Umenitia hofu ya kaburi!"

"Na mimi je? Kaka yangu alikufa. Wewe unaolewa. Jioni nikimaliza kusali, nitamwambia nani amina?"

Mama Sindano alimtazama. Hasira ilimjaa mpaka kooni, akaimeza kidogo kidogo kama dawa chungu.

"Kulikuwa na kusema tu," alisema. "Mdomo unao. Ungesema."

"Niliona aibu. Unisamehe."

"Leo siwezi. Kesho nitajaribu. Izime hiyo laini, uitupe. Na usiondoke, inayofuata ni ya kuchekesha."

*

Wakaoana. Siku ya ndoa, mbele ya watu, Sauti aliulizwa kama anakubali. Angeweza kuchukua sauti ya tajiri akatiririka, au ya mpelelezi. Watu walingoja hivyo, na wengine walikwisha kutabasamu.

"Na..." alisema. "Na-na..."

Kimya kikaingia. Mtu wa nyuma akacheka, wifi akageuka akamkazia macho mpaka akainama.

Neno lilikwama, likarudi, likakwama tena. Mama Sindano alikuwa amengoja mengi maishani mwake, na mengi aliyangoja kwa hofu. Hili alilingoja ametulia, mkono wake umeshika wa mumewe kama unavyoshikwa ule mshikio wa kitambaa.

"Nakubali," alisema Sauti.

Na nyuma yao, kabla ya mtu mwingine yeyote, wifi akasema, "Amina."